Kuku Ndani ya Kisukuku

Wasee, leo stori ni ya mfupa mmoja.

Ukikula kuku, hasa ukibahatika kupewa kidari, kuna mfupa mwembamba unaupata pale karibu na shingo. Una umbo la panda ya manati. Wengi wetu tunaung'ata kidogo, tunausukuma kando ya sahani na maisha yanaendelea. Huo mfupa ndio uliwafanya karibu wataalamu wote wa dunia waamini jibu lisilo sahihi kwa karibu miaka 50. Na kinachouma zaidi ni kwamba wakati huo wote ulikuwa umelala kwenye makumbusho, umepewa jina ambalo si lake.

Swali lilikuwa rahisi: ndege walitoka wapi?

Jibu la sai wacha niliseme mapema ndio tusipoteane njiani. Ndege ni dainosa. Sisemi eti wanafanana na dainosa, ama waliishi mtaa mmoja. Wako ndani ya ukoo wao kabisa, venye popo, na kuruka kwake kote, yuko ndani ya ukoo wa wanyama wanaonyonyesha. Yule korongo mkubwa mwenye upara pale Nyayo, anayesimama juu ya mti akikuangalia kama mtu anayekudai, ni dainosa. Njiwa wa Tao ni dainosa. Broila aliye kwa friza ya supamaketi ni dainosa pia, maskini. Lile jiwe kubwa lililotoka angani na kugonga dunia miaka milioni 66 iliyopita lilichangia kumaliza dainosa wengine wote, lakini tawi moja dogo lenye manyoya likapona. Hilo tawi ndilo linatuamsha saa kumi na moja asubuhi.

Lakini jibu peke yake halitoshi. Majibu yako kila mahali siku hizi, unayapata ukiwa kwa mat kabla ufike stage. Mimi nataka uone venye hili jibu lilipatikana, likapotea, halafu likarudishwa. Hapo ndipo kuna funzo.

Mawe ya kuchapishia

Twende Ujerumani, jimbo la Bavaria, mahali panaitwa Solnhofen. Huko kuna machimbo ya mawe ya chokaa. Mawe yenyewe ni laini hadi karne ya 19 watu walikuwa wanayatumia kwa uchapishaji: unachora juu ya jiwe, unapaka wino, unabonyeza karatasi. Kama miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa na vidimbwi vya bahari vilivyotulia, na matope yake yalifunika taratibu kila kilichozama. Ndiyo maana mawe ya Solnhofen yanaweza kuhifadhi hata alama ya nyoya.

Hapa tuelewane kwa neno moja. Mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe tunayaita kisukuku. Na ndio, nimeona: neno lenyewe lina kuku ndani. Si mimi niliyelitunga.

Mwaka 1861 mtaalamu anaitwa Hermann von Meyer alitangaza kisukuku cha nyoya moja kutoka machimbo hayo. Mwaka huohuo mifupa ya mnyama mzima ikajitokeza. Ilikuwa na manyoya ya bawa yaliyopangwa vizuri kama ya ndege wa leo. Lakini ilikuwa pia na mkia mrefu wa mifupa kama wa mjusi, na kwenye mabawa kulikuwa na vidole vyenye kucha. Mnyama huyo akaitwa Archaeopteryx, yaani bawa la kale. Mifupa yake ilikuwa mikononi mwa daktari mmoja, Karl Häberlein, na mwaka 1862 makumbusho ya British Museum kule London yakainunua, pamoja na visukuku vingine vyake, kwa pauni 700. Pesa nyingi sana enzi hizo.

Cheki tarehe. Charles Darwin alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu mageuko ya viumbe mwaka 1859. Watu wakamuuliza: kama aina moja ya kiumbe hubadilika polepole ikawa nyingine, wako wapi wale wa katikati? Miaka 2 baadaye, wachimba mawe wakatoa kiumbe aliye nusu mjusi nusu ndege.

Rafiki wa Darwin, Thomas Henry Huxley, akaanza kuchunguza. Kwenye mawe ya Bavaria hiyohiyo kulikuwa kumepatikana dainosa mdogo, saizi ya kuku, anayeitwa Compsognathus. Huxley akalinganisha miguu, nyonga na vifundo. Kati ya mwaka 1868 na 1870 akawa anasema wazi kwamba ndege na dainosa ni jamaa wa karibu. Hoja yake moja naipenda sana: chukua nyonga na miguu ya kifaranga ambaye hajamaliza kuanguliwa, ikuze iwe mikubwa, igeuze iwe jiwe, halafu uwape wataalamu. Wangeiweka kwa kabati ya dainosa bila kusita.

Kwa hivyo kufikia 1870 jibu lilikuwa mezani. Sasa utaniuliza, si hapo stori ingeishia?

Jamaa aliyeacha chuo

Hapa anaingia mtu ambaye, manze, nilipomsoma mara ya kwanza nilikaa kitako.

Gerhard Heilmann alizaliwa Denmark mwaka 1859, mwaka uleule wa kitabu cha Darwin. Alianza kusomea udaktari, akaacha. Akawa msanii. Alichora kwenye vyombo vya kauri, akachora vitabu, hata noti za pesa za Denmark alizibuni yeye. Hakuwa na cheo chochote cha sayansi. Lakini alipenda ndege, na swali la asili yao halikumwachilia. Kati ya 1913 na 1916 akaandika mfululizo wa makala kwa Kidenmaki kwenye jarida la watu wa ndege. Wasomi wa nyumbani kwao wakamdharau. Mchoraji anatufunza nini sisi?

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sababu zake si za leo. Lakini kila nikiandika kitu kuhusu sayansi, kuna mtu lazima aulize, "Kwani wewe una digrii gani?" Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilitaka Heilmann awe shujaa wa hii stori. Na kwa sehemu kubwa ni shujaa kweli. Mwaka 1926 kazi yake ilitoka kwa Kiingereza kama kitabu kinachoitwa The Origin of Birds, na kilikuwa kitabu bora zaidi duniani kuhusu hilo swali. Alipitia mifupa ya kichwa, mikono, miguu, nyonga, mayai, vifaranga wachanga. Alichora kila kitu kwa mkono wake. Wale waliomcheka hawakuwa na jibu.

Na ukurasa baada ya ukurasa, ushahidi wake ulikuwa unaelekea mahali pamoja: dainosa wadogo wanaotembea kwa miguu miwili, wanaokula nyama. Mikono inafanana. Miguu inafanana. Nyonga zinafanana. Halafu akafika kwa kifua, akasimama.

Gusa chini ya shingo yako, kushoto na kulia. Hiyo mifupa miwili inayoenda mabegani inaitwa mitulinga. Kwa ndege, mitulinga miwili imeungana ikawa mfupa mmoja wenye umbo la panda. Huo ndio ule mfupa wa kuku tulioanza nao. Kwa ndege wengine unanepa kama springi kila bawa likipigwa.

Sasa, kwa dainosa waliojulikana wakati huo, Heilmann hakupata mitulinga. Na kulikuwa na kanuni maarufu ya mtaalamu wa Ubelgiji, Louis Dollo, kwamba kiungo ambacho ukoo umepoteza kabisa hakiwezi kurudi vilevile kilivyokuwa. Heilmann akapiga hesabu yake: dainosa walikuwa wameshapoteza mitulinga, ndege wanayo, mitulinga iliyopotea hairudi, basi ndege hawakutoka kwa dainosa. Lazima wote wawili walitoka kwa babu wa zamani zaidi. Huyo babu hakuwa amepatikana, lakini Heilmann alikuwa msanii. Akamchora. Akamwita Proavis. Mchoro ulikuwa mzuri hadi watu wakawa wanamchukulia kama mnyama wa kweli, na yeye hakuna mtu alikuwa amewahi kushika hata ukucha wake.

Kitabu kilikuwa kizuri kiasi kwamba swali likafungwa. Kwa karibu miaka 50, mwanafunzi akiuliza ndege walitoka wapi, alielekezwa kwa Heilmann. Waliomcheka kwanza wakaishia kumwamini kupita kiasi.

Mwizi wa mayai

Turudi nyuma miaka 3 kabla ya kitabu cha Kiingereza. Mwaka 1923 kikosi cha makumbusho ya American Museum of Natural History ya New York kilikuwa jangwa la Gobi, Mongolia. Wakapata mifupa ya dainosa imelala juu ya kiota cha mayai. Bosi wa makumbusho, Henry Fairfield Osborn, akamtangaza mwaka 1924. Akaamua kwamba mayai ni ya dainosa mwingine, na huyu alikuwa amekuja kuyaiba. Akampa jina Oviraptor, yaani mwizi wa mayai.

Kwa kifua cha huyo mwizi kulikuwa na mfupa wenye umbo la panda.

Osborn aliuona. Aliuchora pia. Lakini akauandika kama mfupa mwingine wa kifua, mmoja ambao mijusi wako nao. Miaka 2 baadaye Heilmann anauambia ulimwengu dainosa hawana mitulinga, na mitulinga iko New York, iko hata kwa karatasi iliyochapishwa, ikiwa na jina la uongo.

Mwaka 1936 Charles Camp akaandika kuhusu dainosa mdogo kutoka Arizona, Segisaurus, na akasema wazi kwamba ana mtulinga. Hakuna kilichobadilika. Kitabu kilikuwa kimeshasema.

Ilibidi tungoje hadi miaka ya 1980, mtaalamu wa Mongolia Rinchen Barsbold alipoangalia upya mifupa ya jamii ya Oviraptor na kusema huo ni mfupa wa panda, uleule wa ndege. Halafu mwaka 1993, hukohuko Mongolia, yai la aina ileile ya kile kiota likapatikana likiwa na mtoto ndani. Mtoto alikuwa wa jamii ya Oviraptor. Kumbe yule hakuwa ameiba chochote. Kuna uwezekano mkubwa alikufa akiwa amelalia mayai yake mwenyewe, kama kuku anavyoatamia. Miaka 70 ameitwa mwizi, na kulingana na sheria za kutaja viumbe, jina halibadilishwi. Ataitwa mwizi milele.

Nikifikiria hilo kisukuku naona kama kesi mahakamani. Mshtakiwa alikuwa na ushahidi wa kumtetea chini yake, na ushahidi wa swali lingine kubwa zaidi kwa kifua. Walioangalia walikuwa watu wenye akili sana. Walishaamua kabla ya kuangalia.

Leo mfupa wa panda umepatikana kwa Allosaurus, kwa Velociraptor, hadi kwa Tyrannosaurus rex mwenyewe. Ulikuwa mwembamba, ulivunjika kirahisi, ulichukuliwa kuwa ubavu, ama uliachwa porini. Kutoonekana kwake hakukuwa na maana kwamba haupo.

Aliyerudisha kesi

Agosti 1964, Montana, Marekani. John Ostrom wa Chuo Kikuu cha Yale anatembea kwenye mteremko na msaidizi wake, wanaona mkono wenye kucha umetokeza ardhini. Wakachimba. Mguuni wakapata ukucha mmoja mkubwa umepinda kama mundu. Mwaka 1969 Ostrom akampa jina Deinonychus, yaani ukucha wa kutisha.

Enzi hizo picha ya dainosa ilikuwa ya mjusi mkubwa, mzito, anayejivuta kwa matope. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa na urefu wa kama mita 3, alisimama kwa miguu miwili, mkia umekaza kumsaidia kusawazisha mwili. Mnyama wa namna hiyo hakuishi kwa kujivuta.

Kilichomvutia Ostrom zaidi kilikuwa kifundo cha mkono. Kulikuwa na mfupa mdogo wenye umbo la nusu mwezi, uliowezesha kiganja kukunjwa kwa upande. Chukua bawa la kuku kabla ya kulipika, likunjue, likunje tena. Kile kitendo cha ncha ya bawa kurudi kando ya mkono, Deinonychus alikuwa anaweza kitu cha namna hiyo na hakuwa anaruka. Alikuwa na mikono ya kukamata windo. Bawa lilijengwa juu ya mkono ambao tayari ulijua kukunja hivyo.

Mwaka 1970 Ostrom akaenda Uholanzi, makumbusho ya Teylers mjini Haarlem, kuangalia kisukuku cha mjusi arukaye kilichopatikana tangu 1855. Akakiinua kwenye mwanga, akaona alama hafifu za manyoya. Akatangaza kwamba ni Archaeopteryx aliyekaa zaidi ya miaka 100 kwa jina lisilo lake. (Mwaka 2017 wataalamu wengine walisema ni jamaa mwingine mwenye manyoya, wakamwita Ostromia kwa heshima ya aliyemgundua.) Na miaka hiyohiyo ya 1970 ikajulikana kwamba kisukuku kingine cha Archaeopteryx, kule Eichstätt, kilikuwa kimedhaniwa kwa karibu miaka 20 kuwa Compsognathus, yule dainosa mdogo wa Huxley.

Simama hapo kidogo. Wataalamu walishindwa kutofautisha ndege wa kwanza na dainosa mdogo, mifupa ikiwa mezani, kwa sababu tu alama za manyoya zilikuwa hafifu. Huo ni ushahidi peke yake. Manyoya yakifutika, ndege anabaki dainosa.

Sahani yako ni maabara

Sasa tuje kwa kuku wako, maana haya mambo unaweza kujionea bila tikiti ya ndege.

Anza na mguu. Lile "goti" linalokunja kuelekea nyuma si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti la kweli liko juu, limefichwa kwa nyama ya paja. Kuku anatembea kwa vidole, kama tu dainosa waliokula nyama walivyotembea, vidole vitatu mbele.

Nenda kwa bawa. Ncha yake ina mabaki ya vidole vitatu, vingine vimeungana. Mbuni bado ana kucha kwenye vidole vya mabawa yake.

Firigisi, ile ambayo kwa nyumba nyingi ni ya mzee na wewe unaiangalia tu ikipita, ni mashine ya kusaga. Kuku hana meno, kwa hivyo humeza vijiwe na firigisi husaga chakula navyo. Dainosa mmoja wa China mwenye manyoya, Caudipteryx, amepatikana na rundo la vijiwe tumboni, palepale.

Halafu mifupa yenyewe. Kwa kienyeji aliyekomaa, vunja mfupa wa juu wa bawa. Ndani kuna uwazi badala ya uboho. Ndege anapumua kwa mapafu yaliyounganishwa na vifuko vya hewa, na vifuko hivyo huingia hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Hewa hupita kwa mapafu yake upande mmoja tu, tofauti na sisi tunaovuta na kurudisha kwa njia ileile.

Hapa stori inakuja karibu na kwetu. Kati ya 1909 na 1913, kilima cha Tendaguru, ndani ya Lindi, Tanzania ya leo, Wajerumani waliotawala huko walichimbisha mamia ya tani za mifupa ya dainosa. Walioichimba kwa mikono walikuwa mamia ya Waafrika wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na walioibeba hadi bandarini Lindi walitembea siku kadhaa na mizigo kichwani. Mmoja wa hao dainosa, Giraffatitan, amesimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hakuwa babu wa ndege, alikuwa wa tawi lingine la ukoo. Lakini mifupa yake ya uti wa mgongo ina vyumba vya hewa kama vya ndege. Na jengo hilohilo la Berlin lina Archaeopteryx mashuhuri kuliko wote, aliyetoka mawe ya Bavaria. Wawili hao waliishi karibu wakati mmoja, miaka milioni 150 iliyopita. Mmoja mzito kuliko ndovu, mwingine saizi ya kunguru, na wote wawili wana ujenzi wa ukoo mmoja.

Manyoya yanajitokeza

Ushahidi wa mwisho ulitoka China, mkoa wa Liaoning, ambako majivu ya volkano na matope ya maziwa yalihifadhi viumbe vizuri ajabu. Mwaka 1996 dainosa mdogo, Sinosauropteryx, akatangazwa. Mkia mrefu, mikono mifupi, hana uwezo wowote wa kuruka, na mwilini ana vinyoya kama vya kifaranga. Mwaka huohuo kwenye mkutano New York, Ostrom akaonyeshwa picha yake. Alikuwa na miaka 68. Zaidi ya miaka 20 alikuwa amebishana kwa kutumia mifupa tu, na sasa manyoya yenyewe yako mbele yake. Mwaka uliofuata akaenda China kujionea.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Microraptor, mwenye manyoya marefu mikononi na miguuni, kama mabawa manne. Yutyrannus, jamaa wa T. rex, urefu wa mita 9 na manyoya mwilini. Mwaka 2010 wanasayansi wakasoma hata rangi: mkia wa Sinosauropteryx ulikuwa na mistari ya hudhurungi nyekundu na nyeupe. Kumbe manyoya yalianza kabla ya kuruka. Kwanza yalikuwa ya joto na ya kujionyesha, baadaye sana ndio yakabeba mwili hewani.

Na msidhani baada ya hapo watu walikuwa wameshajifunza. Mwaka 1999 jarida la National Geographic likatangaza kwa mbwembwe "Archaeoraptor", mwili wa ndege na mkia wa dainosa. Majarida mawili makubwa ya sayansi yalikuwa yamekataa kuichapisha. Mchina Xu Xing akapata upande wa pili wa jiwe la ule mkia, na mwili wake ulikuwa tofauti kabisa. Mtu alikuwa amegundisha vipande vya visukuku tofauti ndio auze kwa bei. Heilmann alikataa jibu la kweli kwa sababu ya kitu ambacho hakukiona. Hawa walikubali kitu cha uongo kwa sababu kilikuwa kile walichotaka kukiona.

Kwa hivyo?

Sasa nirudi kwa lile swali la digrii.

Heilmann ananionyesha kwamba mtu asiye na cheo anaweza kufanya kazi ya maana kuliko wenye vyeo. Si yeye peke yake. Hapa kwetu, Kamoya Kimeu, ambaye darasa lake liliishia shule ya msingi, ndiye mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu kule Nariokotome kilichotufikisha kwa mifupa ya yule kijana wa Turkana anayejulikana dunia nzima. Macho hayangoji cheti.

Lakini Heilmann huyohuyo ananionya pia, na hii nawaambia wenzangu tunaojifunzia kwa simu na vitabu vya mtumba. Kutokuwa na digrii hakukufanyi uwe sahihi, na kudharauliwa hakukufanyi uwe nabii. Hoja yake ilikuwa safi, hatua kwa hatua, na ilikuwa imesimama juu ya "hakuna" moja ambayo hakuna mtu aliyeenda kuikagua. Na wenye digrii walioikariri kwa miaka 50 hawakuwa bora. Kwa hivyo ukiniuliza nina digrii gani, sawa, uliza. Lakini swali linalonibana zaidi ni hili: hiyo "hakuna" yako umeitafuta wapi, na nani mwingine ameangalia?

Kwa sababu huku kwetu tunaambiwa "hakuna" nyingi. Kaskazini mwa Turkana, kwenye milima ya Lapurr, mifupa ya dainosa imepatikana. Wangapi kati yetu tulifunzwa hivyo shuleni? Mimi nilimaliza kidato cha nne nikijua dainosa ni mambo ya sinema za Marekani.

Wikendi hii kukiwa na kuku, omba kidari. Kula polepole, tafuta ule mfupa wa panda, uoshe, uweke dirishani ukauke. Mdogo wako akiuliza ni wa nini, mwambie ni mtulinga wa dainosa. Akikataa, usibishane naye. Mpe aushike aangalie mwenyewe.